Tulimuogopa Shetani, Tukasahau Kuuliza Nani Ako Ndani

Nikiwa darasa la sita, mjomba wangu alinunua matatu ya pili. Wiki chache baadaye makanga wake akafa kwenye ajali. Kabla hata ya mazishi, mtaa ulikuwa ushatoa hukumu: mjomba ni Freemason, ametoa kafara. Ukweli ni kwamba alikuwa na deni la Sacco lililomnyima usingizi. Lakini abiria walianza kuruka gari zake, na mwaka haukuisha kabla hajauza zote mbili.

Hiyo stori ya kafara imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Ilitoka wapi?

Wasee, tuanze na klabu yenyewe. Mwaka 1717, loji nne za London zilikutana kwenye baa moja na kuunda chama kikuu kimoja. Alama zao walizikopa kwa mafundi wa mawe, ndiyo maana unaona bikari. Ulikuwa unapendekezwa na wanachama, unaapa kutunza siri, unapanda ngazi tatu. Lazima uamini kuna Mungu, na lazima uwe mwanaume. Mwaka 1738 Papa Clement XII akawakataza Wakatoliki kujiunga. Moja ya hoja zake ni ile ungesikia kwa shosho yako: kama hawafanyi mabaya, mbona wanachukia mwanga?

Hata mimi naona hilo ni swali poa. Na huko Marekani lilipata damu kabisa. Mwaka 1826, mtu anaitwa William Morgan, wa Batavia, New York, alitangaza atachapisha siri za Freemason. Akakamatwa kwa deni dogo, akatolewa jela, akabebwa, na hakuonekana tena. Wachache walifungwa vifungo vifupi. Wananchi wakaangalia masherifu na mahakimu, wakaona wengi ni wanachama, wakasema: hawa wanafichana. Hasira hiyo ikazaa chama kizima cha siasa, na mwaka 1832 mgombea wao wa urais, William Wirt, akashinda jimbo la Vermont.

Angalia vizuri hapo. Kesi kubwa ya hao watu ilikuwa haki: kama hakimu na mshukiwa wameapa kiapo kimoja, mimi wa nje nitasikizwa na nani?

Shetani mwenye tunamjua leo alipata promota baadaye, huko Ufaransa. Jamaa anaitwa Léo Taxil, mwandishi mchokozi, mwaka 1885 alijifanya ameokoka na kurudi kanisani. Akaanza kuuza vitabu kwamba Freemason wanamuabudu Lusifa. Kwenye kimoja cha vitabu vya mradi huo, pepo anatokea kama mamba na kupiga piano. Watu walinunua, maaskofu wakasifu. Halafu tarehe 19 Aprili 1897 akaita mkutano Paris na kukiri mbele ya umati kwamba alikuwa anawacheza miaka kumi na mbili. Watu walikasirika vibaya. Lakini stori ilikuwa ishatoka, na stori haina rivasi.

Ikatufikia hata sisi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani Kenya, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilitolewa kwa umma mwaka 1999, na Freemason walikuwa kati ya waliotajwa. Jumba lao liko Nyerere Road, Nairobi, mchana kweupe, lakini ukipita hapo na mat bado kuna mtu atanong'ona.

Sasa linganisha na milango yenye hatujawahi kuinong'onea. Nairobi Club ilianza 1901. Muthaiga ikafunguliwa mkesha wa mwaka mpya, 1913. Lord Delamere, kiongozi wa masetla, alikuwa wa Muthaiga na pia alikaa kwenye baraza la kutunga sheria. Mwaka 1915 sheria ya ardhi iliwapa masetla mikataba ya miaka 999. Haikuhitaji uchawi. Watu wachache walikula pamoja, walikunywa pamoja, na kesho yake walipiga kura pamoja. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei.

Hapo ndipo naonaga tumechezwa. Tukipiga kelele za mapepo, mwenye anapeana tenda kwenye meza ya klabu anacheka tu, juu hakuna korti inaweza kuchunguza pepo. Lakini korti inaweza kuuliza nani alikuwa mezani, nani alipata mkataba, na kama walikuwa wanajuana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo. Hakuna mtu atawahi kunipendekeza kwa klabu yoyote, na wengi wenu pia hamtapendekezwa. Hilo linaniogopesha kuliko mamba wa piano.

Mjomba siku hizi anaendesha gari la mtu mwingine. Hakuwahi kuwa na klabu ya kumtetea. Alikuwa na deni, na majirani wenye walijua kuuliza swali moja tu, tena lisilofaa.