Kura 1,565 na maziko yasiyohudhuriwa

Kura 1,565 ni kidogo. Watu idadi hiyo unaweza kuwapata kwenye harusi mbili tatu za mjini Unguja. Lakini Oktoba 1995 hizo ndizo zilizomtenganisha Dk. Salmin Amour wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF: 165,271 kwa 163,706, yaani asilimia 50.2 kwa 49.8. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi kumpata Rais wa Zanzibar, na Wazanzibari waliishi na matokeo yake kwa miaka kumi na tano.

Kwa kawaida tukisimuliwa namna watu wanavyopokea matokeo yenye utata, tunasimuliwa mabomu ya machozi na matairi yanayoungua barabarani. Zanzibar nayo ilifika kwenye risasi, na tutafika huko. Ila jibu la kwanza la watu lilikuwa la kimya: walisusa.

Kususa kila Mswahili anakujua tangu utotoni. Mtoto aliyeonewa anasusa chakula. Hapigi mtu, hatukani mtu. Anaondoa mkono wake kwenye sinia na kukuachia ule peke yako. CUF walikuwa wamepata viti 24 kati ya 50 vya kuchaguliwa, vikiwemo vyote 21 vya Pemba. Wawakilishi wao wakasusia vikao vya Baraza na kukataa kumtambua Rais. Mitaani mambo yalifuata njia hiyohiyo. Mtu akaacha kununua kwenye duka la jirani kwa sababu ya bendera iliyopepea juu yake. Kahawa ya Jaws Corner ikawa ya CUF, baraza la Kisonge likawa la CCM, na kila mmoja akajua pa kukaa. Watu walisusiana harusini. Kisha wakasusiana mazikoni.

Hapo kwenye maziko tusimame kidogo. Kwa Muislamu, kumzika maiti ni faradhi ya kifaya: wakitokea wachache wakaitekeleza, waliobaki wameondokewa na dhambi. Kwa hiyo mwenye kususa ana pa kujifichia, atasema wapo waliozika. Ila mtaa una hesabu yake. Mtaa unajua nani alibeba jeneza la baba yako na nani alikaa ndani kafunga dirisha. Jambo hilo halisahauliki hata likipita miaka kumi. Mtu akifika hapo kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi, ujue kuna kitu kikubwa zaidi ya ushabiki wa chama.

Wazee walikuwa wameshayaona haya. Katika zama za siasa, kabla ya uhuru, wafuasi wa Hizbu na wa Afro-Shirazi walisusiana maduka, mabasi na maziko. Kwenye uchaguzi wa Januari 1961, Afro-Shirazi walikichukua kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu. Matokeo ya jumla hayakutoa upande wenye wingi wa kuunda serikali, ikabidi watu warudi kupiga kura mwezi Juni mwaka huohuo. Safari hiyo yakazuka machafuko na watu 68 wakauawa. Julai 1963 Afro-Shirazi wakapata kama asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, wakabaki nje ya serikali. Miezi sita baadaye yakaja Mapinduzi.

Kwa hiyo mwaka 1995 matokeo hayakusomwa kwa macho mapya. Wengi wa upande wa CCM waliona kushindwa ni kurudishwa nyuma ya Januari 1964. Wengi wa upande wa CUF, Pemba hasa, waliona ni kuendelea kukaa nje ya mlango waliofungiwa muda mrefu. Na Katiba ilivyokuwa wakati ule iliwapa wote sababu ya kuogopa, maana mshindi alichukua kila kitu. Rais aliteua mawaziri. Aliteua wakuu wa mikoa, wakiwemo wa Pemba ambako chama chake hakikupata hata kiti kimoja. Chini yao kulikuwa na masheha, ambao nao huteuliwa. Usimdharau sheha. Huyo ndiye anayekutambua kuwa wewe ni mkaazi wa shehia, na asipokutambua hata kujiandikisha kupiga kura kunakuwa shida. Aliyepata asilimia 49.8 hakupata hata sheha.

Yaliyofuata yanajulikana. Wanachama 18 wa CUF walishtakiwa kwa uhaini na kuachiwa Novemba 2000. Jumuiya ya Madola ilisimamia Muafaka wa 1999, lakini haukutekelezwa kwa maana yake. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika hadi majimbo 16 yakarudia kura, CUF wakasusia marudio, na Amani Abeid Karume akaapishwa. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliandamana, polisi wakatumia risasi za moto, na zaidi ya watu 30 wakauawa, wengi wao Pemba. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, safari hii ilitoa wa kwake. Ukaja Muafaka wa pili Oktoba 2001, kisha uchaguzi wa 2005, na malalamiko yakawa yaleyale.

Sasa linganisha na 2010. Visiwa vilevile, vyama vilevile, mgombea wa CUF yuleyule. Dk. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif 176,338. Tofauti ni kura 3,471, asilimia moja tu. Kwa mazoea ya Zanzibar hayo yalikuwa matokeo ya kuleta balaa. Lakini Maalim Seif aliyakubali, na watu wakalala usingizi.

Kilichobadilika ni kipi? Wazanzibari hawakuwa wamegeuka watu wengine ndani ya miaka mitano. Novemba 2009 Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wizara zinagawanywa kwa kufuata viti vya Barazani. Kwa mara ya kwanza aliyeshindwa alibaki na kitu mkononi. Kura ya mtu wa Micheweni ilikuwa na thamani hata mgombea wake alipokosa urais.

Atatokea wa kusema wananchi waliwafuata viongozi tu, kwamba wakubwa walipopatana na wadogo wakapatana. Kuna ukweli humo. Lakini viongozi walishatia saini mara mbili kabla ya hapo na watu hawakupatana. Tofauti ya 2010 ni kwamba wananchi wenyewe waliulizwa, na walichokubali kikaandikwa kwenye Katiba.

Nacho hakikutosha. Watu walipiga kura tarehe 25 Oktoba 2015, na siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi. CUF walisusia marudio ya Machi 2016, na Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Kususiana kukarudi Pemba, madukani na mazikoni. Agosti mwaka huo, kwenye maziko ya Mzee Aboud Jumbe, Dk. Shein alimpa Maalim Seif mkono, Maalim hakuupokea. Wengine waliona ni utovu wa adabu mbele ya msiba, wengine wakaona ni haki yake. Mimi naona jambo moja: kugawana serikali kunafanya kushindwa kuvumilike, lakini hakumsaidii mtu anayeamini kuwa karatasi yake haikuhesabiwa kabisa.

Maalim Seif, akiwa ACT-Wazalendo, alikubali tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye vifo. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Rais Hussein Mwinyi alikuwa miongoni mwa waombolezaji.

Kila uchaguzi ukikaribia tunahubiriwa amani, kana kwamba ugomvi unaanzia kwenye ulimi wa mpiga kura. Mahubiri si mabaya. Ila Zanzibar imeshatuonyesha maswali mawili ya kuuliza mapema kabla hata mabango hayajabandikwa: kura zitahesabiwa na nani, na atakayeshindwa atabaki na nini? Nchi isiyo na majibu ya maswali hayo isishangae majirani wakianza kususiana maziko.