Mpangaji ni Nani? Historia Fupi ya Istilahi za Mipangomiji

Kitenzi "kupanga" kina maana mbili ziwapazo wafasiri taabu: kuweka mambo kwa utaratibu, na kukaa katika nyumba ya mwingine kwa kodi. Hivyo "mpangaji" aweza kuwa mtaalamu achoraye ramani ya mji, au mtu alipiaye chumba Manzese. Ofisi zetu ziliuepuka utata huo kwa kutumia "afisa mipangomiji". Lakini swali la nani hasa aupangaye mji halikumalizwa na istilahi hiyo.

Sheria ya kikoloni ya mwaka 1956, iliyotumika hadi ilipofutwa na Sheria ya Mipangomiji ya 2007, ilimpa mtaalamu kalamu; mkazi alipewa amri. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa lilibomoa nyumba duni za Dar es Salaam, hasa Magomeni, ili kujenga mpya. Mwaka 1972 Serikali iligeuza mwelekeo: "kubomoa" kukaachia nafasi "kuboresha", na Manzese ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kunufaika. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, kando ya Bonde la Msimbazi, walichimba mitaro ya maji ya mvua na kujenga barabara zao. Hapo mkazi alikuwa mtenda.

Nyaraka zetu, hata hivyo, hupenda kusema "wananchi washirikishwe". Tuzingatie viambishi: "-ish-" na "-w-" humfanya mwananchi atendeshwe na mwingine. Palipo na wakazi walioianza kazi wenyewe, yafaa tuandike "walipanga" au "waliongoza".

Uangalifu huo wahitajika pia mbali na jiji. Tuchukue Nyakasimbi, mkoani Kagera. Katika hati za upimaji "kiwanja" ni kipande cha ardhi chenye namba. Lakini katika lugha za mkoa huo neno la ukoo mmoja nalo, "kibanja", ni nyumba pamoja na migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Asomaye "fidia ya kiwanja" huenda akaelewa jambo kubwa kuliko aliyeandika, na ugomvi ukazaliwa na neno moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa "hali ya hewa" na "tabianchi". Mvua ya leo ni hali ya hewa. Mwenendo wa mvua wa miaka mingi ni tabianchi. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu Dar es Salaam na kusababisha wakazi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, yalionyesha uzito wa tofauti hiyo: upana wa mtaro hupimwa kwa tabianchi, wala si kwa mvua ya jana.

Kwa hiyo hatuna budi, kabla ya kusanifisha istilahi, kuuliza ni nani anayeachwa nje ya maana yake.