Vanila ya Futari na Mtoto Aliyesahauliwa

 

Hebu pita jikoni kwenu baada ya Alasiri. Mama anapika tambi, dada anakaanga kaimati. Kwenye rafu utaona iliki iliyotwangwa, mdalasini, karafuu, na kile kichupa kidogo cha vanila. Matone mawili tu, nyumba nzima inanukia, na dakika zilizobaki hadi Magharibi zinakuwa ndefu kama mwaka! Lakini je, umewahi kujiuliza vanila imetoka wapi? Nyuma ya harufu hiyo kuna mtoto wa miaka 12, na mtoto huyo alikuwa mtumwa.

Asili ya vanila ni Mexico. Wenyeji wa huko, Watotonaki, waliijua zamani, na Waazteki waliitia kwenye kinywaji chao cha kakao. Wahispania walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 16, harufu hiyo ikavuka bahari hadi Ulaya. Wazungu wakauchukua mmea wenyewe wakaupanda kwingine. Ukamea vizuri, ukatoa maua, lakini haukuzaa. Sababu ni kwamba ua la vanila lina kijikuta chembamba kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike, na ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu, kisha linanyauka. Wadudu wanaofanya kazi hiyo huko kwao Mexico hawakuwako ugenini.

Mwaka 1836 mtaalamu wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kulizalisha ua hilo kwa mkono, lakini njia yake haikuwafaa wakulima.

Sasa twende Réunion, kisiwa cha Wafaransa mashariki ya Madagascar, wakati huo kikiitwa Bourbon. Huko alizaliwa Edmond mwaka 1829. Mama yake, mtumwa, alifariki alipomzaa. Hakupelekwa shule. Bwana wake, Férréol Bellier-Beaumont, alipenda mambo ya mimea, akawa anatembea naye shambani akimwonyesha hili na lile. Mwaka 1841 bwana huyo akaona ajabu: mvanila wake, uliokaa miaka mingi bila kuzaa, una maganda mawili. Edmond akasema, "Ni mimi." Kumbe alichukua kijiti, akainua kile kijikuta, na kwa kidole gumba akaibana chavua mahali pake. Basi! Kazi ya sekunde chache.

Edmond akazungushwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wengine. Kabla karne haijaisha, Réunion ikaipita Mexico kwa vanila. Elimu hiyo ikaenda Madagascar na hata Komoro kwa jirani zetu, na leo wakulima wa Uganda pia wanafanya vivyo hivyo, ua moja moja, kwa mkono.

Na mwenyewe Edmond? Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848, alipewa uhuru na jina la ukoo, Albius. Fedha hakupewa. Alifanya kazi ya jikoni, akafungwa kwa kesi ya wizi, na bwana wake wa zamani akamwombea hadi kifungo kikapunguzwa. Mtaalamu mmoja wa mimea akadai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Bellier-Beaumont akaandika kumtetea kijana. Mwaka 1880 Edmond akafariki maskini, huku matajiri wa kisiwa wakila jasho lake.

Ndugu yangu, ni rahisi kusema, "Hayo ni ya Wafaransa." Lakini tazama ile karafuu kwenye pilau lako. Mikarafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vile vile vya Wafaransa. Mashamba ya Unguja na Pemba yakapanuka kwa mikono ya watumwa, na wenye mashamba wengi walikuwa Waislamu, wakifunga Ramadhan kama sisi. Utumwa huko ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Na dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada, hata kafara ya kosa kubwa la mfungaji inaanzia hapo. Tukiisoma historia yetu, tuisome yote, tamu na chungu.

Jambo jingine la jikoni: vichupo vingi vya bei rahisi havina vanila halisi. Vina vanilini, ambayo wanakemia wa Ujerumani waliitengeneza mwaka 1874. Vanila halisi ya maji nayo kwa kawaida hutolewa kwa alkoholi, kwa hivyo soma karatasi ya chupa, na ukiwa na shaka muulize sheikh wako. Ukipata ganda lenyewe, lipasue, ulichemshe ndani ya maziwa ya tambi na iliki kidogo. Usisahau chembe ya chumvi; utamu hutulia.

Basi leo adhana ikilia, ukishakula tende na kuonja tambi, mkumbuke Edmond. Na huyo msichana wa kazi aliyesimama jikoni tangu adhuhuri, je, mmemwita mezani? Jina lake kamili unalijua?

Tuanzie hapo. Saumu njema.