Gesi inayoamsha kinga ya mimea

MKULIMA asikiapo neno nitrojeni, fikra humwendea mbolea. Hata hivyo, elementi hiyo ina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: kuupasha mmea habari kwamba umevamiwa na ugonjwa.

Mjumbe mwenyewe ni nitriki oksaidi, gesi ambayo molekuli yake ina atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Kwa udogo wake, hupenya kutoka seli hadi seli kwa wepesi.

Mwaka 1998, Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kubaini kuwa gesi hiyo hupeleka ujumbe katika mishipa ya damu. Mwaka uo huo, makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa mimea nayo huitumia kujikinga. Kundi la Massimo Delledonne lilichunguza seli za soya zilizoshambuliwa na bakteria, na lile la Daniel Klessig likachunguza tumbaku iliyoambukizwa virusi.

Mmea hauna miguu ya kukimbilia. Unapomtambua adui, huzalisha nitriki oksaidi pamoja na hidrojeni peroksaidi. Wahenga walinena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kemikali hizo mbili zikikutana kwa kiasi kinachofaa, seli zilizoguswa na adui hujiua, naye hukosa chakula na njia ya kusonga mbele. Hivyo basi, madoa madogo makavu juu ya jani huweza kuwa ishara kwamba mmea umeshinda.

Lakini huu ni upanga ukatao kuwili. Kuna kuvu, kama vile botritisi, ambao hustawi kwa kula seli zilizokufa. Kwao kifo hicho ni karamu. Isitoshe, gesi ikizidi humdhuru mwenyewe. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2011 ulionyesha kuwa inapofika kiwango fulani, huizima protini inayozalisha kemikali kali za oksijeni, na maangamizi yakakoma.

Sehemu ya gesi hiyo hutokana na naitreti inayofyonzwa na mizizi. Hilo halimaanishi kuwa kumwaga mbolea kwa wingi huleta kinga. Nitrojeni ikipita kiasi, mimea mingi huota majani laini, nayo huvutia wadudu na maradhi. Siri ya kinga, shambani kama ndani ya seli, ni kadiri.