Chuo Kilichozaliwa Kisauni: Nani Ana Usemi Limuru?

Watu wengi wakisikia St. Paul's University wanafikiria Limuru: baridi, majani chai, ukungu asubuhi. Ukweli ni kwamba chuo hiki ni mtoto wa Pwani. Kilizaliwa Kisauni, Mombasa, na hadithi yake inajibu swali ambalo sisi vijana wa Kenya hatuulizi vya kutosha: chuo ni cha nani hasa?

Twende nyuma kidogo. Mwaka wa 1875, wamishenari Waingereza wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Palikuwa na kengele ya kuita watu kanisani na kuwaonya hatari ikija. Ndiyo maana mpaka leo kuna stegi inaitwa Kengeleni.

Sasa, kazi kubwa ya pale haikufanywa na Wazungu peke yao. Kulikuwa na wale walioitwa Bombay Africans, Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa India kisha wakarudi. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka wa 1885. Mwaka huohuo Hannington akafunga safari ya Uganda, akauawa Busoga. Jones alikuwa ameachwa na kundi kubwa la msafara kwa Sundu, ambako leo ni Mumias. Yeye ndiye aliyewarudisha watu hao hadi Pwani.

Fikiria hapo. Mtu aliyewahi kuuzwa anaongoza msafara mzima kurudi nyumbani. Lakini katika mambo ya misheni, uamuzi wa mwisho ulikuwa London.

Shule yenyewe ya kufunza wachungaji ilifunguliwa Frere Town mwaka wa 1903, miaka 18 baada ya Jones na Semler kupewa ushemasi. Ilikuwa shule ya CMS, kwa hivyo wenye shule walikuwa CMS. Mwaka wa 1930 ikahamia Limuru.

Hapa ndipo hadithi inanoga. Mwaka wa 1913 misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikutana Thogoto, Kikuyu, zikajaribu kupanga ushirikiano. Mwishowe wakashiriki meza ya Bwana pamoja. Weh! Frank Weston, Askofu Mwanglikana wa Zanzibar, alikasirika mpaka akawashtaki wenzake wa Mombasa na Uganda kwamba wamepotoka kiimani. Yaani kula mkate mmoja na Mpresbiteri kulikuwa kesi.

Ndiyo maana mwaka wa 1955 ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Katikati ya Hali ya Hatari, nchi ikiwa imejaa kambi za vizuizi, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walikubali kuwafunza wachungaji wao chini ya paa moja: St. Paul's United Theological College. Baadaye Reformed Church of East Africa na Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) wakaingia. Kumiliki chuo kukawa ni kukaa mezani na mtu usiyekubaliana naye kila kitu.

Lakini meza ikipanuka, pesa inatoka wapi? Mmoja wa waliosomea uchungaji Limuru, John Gatu wa PCEA, aliliuliza swali hilo hadharani. Mwaka wa 1971, akiwa Milwaukee, Marekani, alitaka wamishenari na pesa zao zisitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wengi walimshangaa. Mimi naona alielewa kitu kimoja: anayekulisha hahitaji kiti kwenye kikao ili akuamulie.

Septemba 2007 chuo kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, Rais akiwa Mwai Kibaki. Sasa kuna Chansela, Baraza la Chuo, Seneti na Naibu Chansela. Makanisa ni wadhamini, Serikali ni msimamizi kupitia sheria na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mbali na theolojia, kuna masomo ya biashara, kompyuta na mawasiliano. Na hapo mlipaji akabadilika tena. Siku hizi chuo binafsi hutegemea sana karo, yaani mzazi aliyeuza ng'ombe. Serikali ilianza kupeleka wanafunzi wake kwenye vyuo binafsi mwaka wa 2016, kisha mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 ukasimamisha mpango huo. Mkono mtupu haulambwi, na vyuo vinajua.

Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo. Si hiki, na jina la changu si muhimu. Nilichokiona ni kwamba karo ilipopanda, sisi tulisoma tangazo ukutani kama watu wengine wowote. Na marekebisho ya sheria ya 2016 yalileta mfumo wa wajumbe, kwa hivyo mwanafunzi wa kawaida hamchagui kiongozi wake moja kwa moja. Anachagua mtu wa kumchagulia.

Kwa hivyo tazama mstari mzima. 1903 mwenye usemi ni misheni. 1955 ni makanisa. 2007 Serikali inavuta kiti. Kila mara kulikuwa na watu walioambiwa hawawezi kukaa meza moja, na kila mara waliweza. Aliyebaki amesimama ni yule anayelipa.

Kama Mwanglikana na Mpresbiteri waliweza kupatana baada ya vurugu za 1913, Baraza la Chuo haliwezi kushindwa kumsikiliza mwanafunzi kabla ya kupandisha karo. Kabla, si baada.

Wewe chuo chako kinaamuliwa na nani? Niambie hapo chini. Na kama hujui, anza kwa kuuliza.