Bushi, silambloki na kikalio: istilahi za mpira unaobeba gari la kale

Neno bushi, kama linavyotumiwa katika karakana za Afrika Mashariki, hutaja vitu viwili ambavyo tabia zake zinapingana, na mkanganyiko huo huharibu kazi nyingi za ukarabati zinazofanywa nyumbani. Bushi ya kwanza ni pete ndefu ya chuma au ya shaba nyeusi, inayopachikwa ndani ya tundu ili mhimili uzunguke humo. Huishi kwa grisi, na grisi inapokauka huanza kulika. Bushi ya pili ni mpira uliobanwa kati ya vibomba viwili vya chuma, kimoja kikiwa ndani ya kingine, na humo hakuna kinachozunguka, kwa kuwa kibomba cha ndani kinapogeuzwa mpira wenyewe hujipinda, kisha nguvu ikiisha hurudi ulivyokuwa. Ya kwanza hudai grisi, ya pili huharibiwa na grisi hiyo hiyo, na anayeziita zote kwa jina moja bila kivumishi huenda akaipa moja matunzo ya nyingine.

Mafundi wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ambao wengi wamejifunza kazi kwa istilahi za Kifaransa, wana jina la pili ambalo wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam hawana. Silentbloc lilikuwa jina la kibiashara huko Ufaransa, likaenea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hata likawa jina la kawaida la kitu chenyewe, na likitamkwa Kiswahili huwa silambloki. Sehemu yake ya kwanza hutaja ukimya, na kwa haki, maana mpira huo hauruhusu chuma kugusa chuma, kwa hiyo mtetemo na kelele za barabara hufia humo kabla ya kufika kwenye bodi. Kwa upande mwingine, vipuri vingi vinavyofika Kivu ya Kaskazini hupitia mpaka wa Kasindi vikitoka Kampala, ambako soko la Kisekka linajulikana kwa vipuri, na huko neno ni bushi. Hivyo mtu wa Vuhovi, katika uchifu wa Bashu wa eneo la Beni, hukutana na majina yote mawili, moja kwa fundi na jingine kwa muuzaji, na hudhani kuwa ni lugha mbili zinazotaja kitu kimoja.

Ingekuwa hasara kuyaacha yawe visawe. Pendekezo la makala haya ni kwamba bushi ibaki jina la jumla kwa kila kipande cha mviringo kinachokaa kati ya tundu na mhimili. Bushi ya chuma iwe ile ambayo mhimili huzunguka ndani yake. Na silambloki litengwe kwa ajili ya mpira ulioshikana na vibomba vyake, ama kwa kusokomezwa kwa nguvu ama kwa kugandishwa navyo kiwandani, kiasi kwamba hauwezi kuteleza juu yao. Silambloki inayoteleza imekwisha kufa, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Uwezo huo wa kujipinda na kurudi hautoki katika utomvu wa mpira peke yake, kwa sababu utomvu mbichi hulainika juani na kukakamaa penye baridi. Ni hadi Charles Goodyear alipopata hataza yake nchini Marekani mwaka 1844, kwa ajili ya kuupasha mpira pamoja na salfa, ndipo mpira ulipoweza kutumiwa kama springi. Salfa hufunga nyuzi za mpira moja na nyingine, kwa hiyo zikivutwa hukumbuka mahali pake. Joto, hewa na miaka huendelea kuubadilisha mpira polepole, mpaka unakuwa mgumu na kupasuka, ilhali mafuta ya injini na grisi ya kawaida huuvimbisha na kuufanya laini kama uji uliogandia sufuriani.

Istilahi ya tatu, kikalio cha injini, ambacho mafundi wengi wa Kenya na Tanzania hukiita maunti, hutaja mpira wa aina hiyo hiyo katika umbo jingine: vibati viwili vya chuma vyenye bonge la mpira katikati, kibati kimoja kikifungwa kwenye injini na kingine kwenye shasi. Kikalio kinabeba uzito, kinazuia injini isijipindue inapovuta, na kinameza mtetemo wake. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 800 kwa dakika bila kuvuta gari huwaka mara 1,600 katika dakika hiyo, na kila mwako ni msukumo unaotaka kufika kwenye usukani na viti. Plymouth ilipotoa gari lake la mwaka 1931 lenye injini iliyowekwa juu ya mipira kwa namna ya kuiacha icheze kwenye mhimili wake wa asili, jambo hilo lilikuwa sifa kubwa ya kuuzia gari. Mwaka uliofuata Citroën ilitumia mpango huo kwa leseni na kuchagua batamaji mweupe awe alama yake. Jina kikalio linafaa kuliko maunti, kwa kuwa linasema kazi: injini imekalia hapo.

Katika vilima vya uchifu huo wa Bashu, na kwenye barabara ya taifa namba 2 inayounganisha Butembo na Beni kwa kilomita 54, mipira hii haizeeki kwa miaka tu. Udongo wa mvua hujaa katika matundu, changarawe huusaga ukingo wa mpira, na mashimo huupinda kuliko kadiri iliyokusudiwa. Tena, tangu mwaka 2014 eneo la Beni limepatwa na mashambulizi mengi dhidi ya raia, hivyo gari linaloharibikia njiani jioni linaweza kugharimu zaidi ya bei ya kipuri, na uangalifu juu ya mpira wa ukubwa wa ngumi hauna chochote cha upuuzi.

Dalili za uchakavu zinatofautiana kufuatana na mahali. Kikalio kilichokatika hutambulika boneti ikiwa wazi na breki ikiwa imekanyagwa sawasawa: klachi inapoachiliwa kidogo kidogo, injini huinuka upande mmoja, na katika hali mbaya panka hugusa rejeta. Silambloki iliyokufa husema kwa mgongo wa dereva, gari likigonga kwa sauti kavu kwenye kila shimo, likivuta upande mmoja breki inapokanyagwa, na matairi yakilika upande.

Kubadilisha vikalio ni kazi ya mchana mmoja: injini huinuliwa kidogo kwa jeki iliyowekewa ubao ili karta, yaani bakuli la mafuta chini ya injini, isibonyee, kikalio kimoja hutolewa na kipya kuwekwa kabla ya kugusa cha pili. Kazi ngumu iko kwenye springi. Land Rover za kale, ambazo ukoo wao ulianza mwaka 1948, zina springi za vipande bapa vya chuma vilivyobebana, na kila ncha ina jicho lenye silambloki ndani yake. Nyingine zimo katika shasi yenyewe. Gari huinuliwa na shasi kukalishwa juu ya vigingi imara, kwa maana jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari, huku eksili ikiegemezwa kando ili springi isiruke. Bolti zenye kutu huloweshwa kwa mazuti (dizeli) tangu siku iliyotangulia. Kibomba cha ndani kikishatolewa pamoja na mpira wake, hubaki kibomba cha nje kilichoganda na jicho kwa kutu ya miaka mingi. Hapo ubapa wa msumeno wa chuma hupitishwa katika tundu, ndipo ufungwe kwenye fremu yake, na kibomba kikatwe kwa urefu polepole, mkono ukisikiliza mahali ambapo chuma chembamba kinaisha na jicho linaanza. Mkwaruzo mwepesi unaweza kuvumilika, ufa ndani ya jicho hauvumiliki. Kikishakatwa, kibomba hujikunja kwa patasi na kutoka. Wapo wanaochoma mpira kwa moto ili kufupisha kazi, lakini moshi wake ni sumu na chuma cha springi hupoteza ugumu wake kikipashwa hivyo.

Silambloki mpya huvutwa ndani kwa bolti ndefu, nati, washa nene na kipande cha bomba, ikisukumwa kwenye kibomba chake cha nje wala si kwenye mpira. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha njia. Mafuta ya injini hayafai, kwa sababu iliyotajwa.

Kisha hufika hatua ambayo jina bushi limewapotosha wengi. Fundi anayeamini kwamba kitu kinazunguka humo atakaza nati zote gari likiwa bado limening'inia. Lakini bolti ikishakazwa hukishika kibomba cha ndani kisigeuke, na mpira huanza kuhesabu kujipinda kwake kutoka hapo. Gari likishushwa, springi hunyooka, na mpira unakuwa umejipinda kabla ya safari kuanza. Kila shimo huongeza juu ya mkazo huo, na kipuri kilichopaswa kudumu miaka huchanika baada ya miezi. Kwa hiyo nati hufungwa kwa wepesi, gari hushushwa juu ya magurudumu yake, husukumwa juu na chini mara kadhaa ili likae katika kimo chake, ndipo nati zikazwe kabisa.

Mipira inayochongwa kutoka matairi mabovu ya lori, ambayo imeokoa safari nyingi, iitwe bushi ya mpira na wala si silambloki, kwa kuwa haikushikana na chuma chochote, na nyuzi zilizomo ndani ya tairi huzuia kujipinda. Inafaa kulifikisha gari nyumbani. Bushi za poliyurethani, zenye rangi nyekundu au buluu, nazo huzunguka juu ya kibomba chao na huhitaji grisi ya silikoni ili zisilie. Kwa tabia ziko karibu na bushi ya shaba kuliko zilivyo karibu na mpira, na nati zake zinaweza kukazwa gari likiwa bado juu ya vigingi.