Kolwezi, mji wa waliokuja

Kabla Kolwezi haijawa mji, njia ya kwenda huko ilipitia Unyamwezi. Katikati ya karne ya 19, Kalasa, Msumbwa wa magharibi mwa Tanzania ya leo, alikuwa akifuata shaba Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo ya leo, na kurudi nayo kwao. Mwanawe Ngelengwa hakurudi. Alijitwalia utawala, akajenga Bunkeya, akajulikana kwa jina la Msiri. Pembe, shaba na watumwa vilitoka kwake kuelekea Bahari ya Hindi na Angola. Bunduki na baruti zikaingia.

Wageni wa Kizungu waliandika sana juu ya mafuvu yaliyotundikwa kwenye nguzo za boma lake. Mmisionari Frederick Arnot, aliyefika mwaka 1886 na kukaa miaka miwili, aliona pia mahakama, mashamba na soko, lakini nani husoma hayo? Tarehe 20 Desemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kubebewa mizigo na wapagazi wa pwani, ulimuua Msiri. Wiki chache baadaye njaa ikawafyeka washindi wenyewe pale pale Bunkeya.

Shaba yenyewe ilikuwa na wenyewe muda mrefu kabla ya hao wote. Kiangazi kikifika, Wasanga walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na kuvukuta kwa mivuo ya ngozi hadi shaba ichuruzike. Waliimimina kwenye kalibu ya umbo la msalaba. Misalaba ya shaba ilitumika kama fedha na mahari, na mingine imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Upemba, kaskazini zaidi katika bonde la Lualaba.

Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na Kolwezi ikaanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Wazungu walipewa katikati ya mji. Waafrika walipangwa kwenye kambi za wafanyakazi. Vibarua waliletwa kutoka Kasai, Lomami na hata Rwanda. Kampuni ilipogundua kwamba mwenye mke na watoto hatoroki, ikawajengea nyumba, shule na zahanati, ikawapimia posho. Kiswahili kikawaunganisha. Watoto waliozaliwa humo hawakujua kwingine, na Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ikawalea vivyo hivyo.

Ulaya inaikumbuka Kolwezi kwa wiki moja tu. Mei 1978 waasi wa kundi la FNLC lililopinga serikali, wengi wao Wakatanga waliokuwa uhamishoni Angola, waliuteka mji. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Mamia ya watu waliuawa, weusi kwa weupe. Wafaransa walitengeneza filamu mwaka 1980, na shujaa wake si mwana-Kolwezi.

Kwa wakazi wengi jeraha kubwa zaidi ni la miaka ya 1992 na 1993. Gécamines ilikuwa imeporomoka, wanasiasa wakahitaji wa kumlaumu, na watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao. Kwao ni wapi, wakati babu ndiye aliyeletwa na kampuni? Maelfu walilala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo.

Kobalti imegeuza mambo tena. Tangu 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu walichimba uani na hata vyumbani mwao, wakafunika mashimo kwa maturubai. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikabomolewa na kuzungushiwa ukuta, mnunuzi wa madini akiwa kampuni ya Kichina. Mwenye kiwanja alilipwa ahame. Mpangaji mara nyingi hakuwa na lake.

Siku hizi wasafiri wa kutoka mashariki ni madereva wa malori ya Tanzania. Hupita Zambia, wakakaa foleni mpakani Kasumbalesa, kisha Lubumbashi, na kutoka hapo takriban kilomita 300 za barabara kupitia Likasi hadi Kolwezi. Hupakia mabamba ya shaba yaliyofungwa mafungu mafungu, au magunia ya kobalti, na safari ya kurudi huishia bandarini Dar es Salaam. Anayesubiri mzigo hulala ndani ya kabini, kwani mzigo ukiwa tayari usiku hupakiwa usiku.